Viti Ishirini vya Watu wa Viriba

Sennio alizaliwa kwenye kinamasi, na hilo hakulificha hata siku moja. Wenzake wengine wakiulizwa kwao ni wapi walijibu, "Hapa hapa Arelate, mjini," huku wakitazama pembeni. Yeye alinyoosha mkono ng'ambo ya matete akasema, "Kule kwenye mbu."

Baba yake alikuwa mtu wa viriba, na babu yake vilevile. Walimchuna mbuzi bila kumpasua tumbo, wakaifunga ngozi miguuni na shingoni, wakaipuliza mpaka ikavimba kama mbuzi mzima aliyekufa maji. Viriba hivyo wakavifungia chini ya magogo, na hicho ndicho kilikuwa chelezo chao. Chelezo cha viriba kilipita mahali ambapo merikebu ingenasa kwenye tope kama ng'ombe. Kilipita juu ya maji yasiyofika goti, kimebeba mvinyo, chumvi, mafuta, hata mawe. Wenye merikebu waliwahitaji watu wa viriba kila siku, na kila siku waliwacheka, kwa sababu walinuka.

Kunuka, walinuka. Ngozi zile hupakwa lami na mafuta ya mbuzi, na mafuta hayo hayatoki mwilini kwa maji wala kwa majivu. Mkewe, Nerta, alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba alimkubali Sennio wakati ana mafua, na mafua yalipokuja kupona alikuwa tayari ana mimba.

Sennio alipokuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, baraza la mji liliamua kujenga uwanja wa mawe. Kabla ya hapo michezo ilifanyika sokoni, watu wakikaa juu ya majukwaa ya mbao yaliyofungwa kwa kamba na kufunguliwa michezo ikiisha. Mwaka mmoja jukwaa liliporomoka, likaua watu wengi kuliko dubu wote walioletwa. Basi zikabomolewa nyumba za pale juu kilimani, mwamba ukasawazishwa, na mafundi wakapiga kamba wakachora umbo la yai kubwa ajabu. Mji jirani ulikuwa unajenga uwanja wake, na Arelate haikukubali kupitwa.

Mawe yalichongwa ng'ambo ya kinamasi. Mikokoteni ilijaribu kuyaleta ikazama mpaka kwenye ekseli. Merikebu hazikuweza hata kusogea. Wakaitwa watu wa viriba.

Kwa miaka walibeba mawe. Sennio alijifunza kukaa juu ya jiwe lililo juu ya chelezo, ncha ya mti wake wa kusukumia ikitafuta ardhi chini ya tope, akiimba ili asisinzie. Alijifunza kusikiliza kiriba kinachovuja: kinatoa sauti ndogo kama mtoto anayenyonya. Alioa kazi ile ikiendelea. Baba yake alifariki kazi ile ikiendelea, na akazikwa ukingoni ambapo kila jiwe lilipita mbele yake. Upinde juu ya upinde, ghorofa juu ya ghorofa, uwanja ulipanda mpaka mtu aliyekuwa mtoni akawa anauona kabla hajauona mji.

Ulipokamilika, Sennio aliingia siku ya kwanza kabisa na watu wengine wote, akasimama pale kwenye ngazi mdomo wazi. Alikuwa ameyaona mawe yote yale moja moja. Hakuwahi kuyaona pamoja.

Watu husema uwanja ule ulijengwa ili watu waone damu. Damu wangeiona machinjioni bila kulipa fundi. Ulijengwa ili mji ujione wenyewe. Chini kabisa, karibu na mchanga, walikaa wazee wa baraza. Nyuma yao wenye mali, halafu vyama vya kazi, kila chama na mahali pake, halafu maskini wasio na chama, na juu kabisa, chini ya nguzo, wanawake na watumwa. Ulipotaka kujua mtu fulani ni nani Arelate, hukuwa na haja ya kumwuliza. Ulingoja siku ya michezo ukatazama amekaa wapi.

Vyama vilichongewa majina yao kwenye mawe ya viti, na kila kiti kikakatiwa mstari kulia na kushoto. Wenye merikebu walichongewa. Wauza mafuta ya zeituni walichongewa. Wafumaji wa matanga walichongewa. Watu wa viriba, walioyaleta mawe yenyewe, walipanda na maskini na kukaa walipopata.

Jambo hilo lilimkaa Sennio kooni. Hakuwa mtu wa kelele, lakini alikuwa na kichwa kigumu, na chama kilipomchagua kuwa mkubwa wake alianza kwenda barazani. Alikwenda mwaka huu, akaenda mwaka uliofuata. Wazee wa baraza wakizeeka na kubadilishwa, yeye bado yuko mlangoni, kofia mkononi. Nywele zikaingia mvi.

Hatimaye usimamizi wa michezo ukamfikia Kominio, mtu mpole mwenye maghala ya nafaka, ambaye hakuwa na gunia hata moja lisilopita juu ya viriba. Kominio akasema mbele ya baraza kwamba kuna viti ishirini visivyo na wenyewe kwenye safu ya wenye merikebu, na kwamba wapewe watu wa viriba.

Materno, mkubwa wa wenye merikebu, alisimama. Alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti ya kuamuru mabaharia.

"Wazee wangu," akasema, "mimi siwachukii hawa. Lakini hawajui kukaa. Wakiona maji tu, wanaondoka kama bata. Mtachonga jina kwenye jiwe, halafu viti vitakaa vitupu mji utiwe aibu mbele ya wageni."

Baraza likacheka. Ule mzaha wa bata ukageuka kuwa sharti: siku ya kwanza ya michezo, tangu maandamano yaingie mpaka tarumbeta la mwisho, viti vile visiachwe. Vikiachwa, ni vya wenye merikebu moja kwa moja. Sennio akakubali palepale. Angekubali hata kukaa juu ya kaa la moto.

Mchongaji akachonga jina la chama. Sennio alimpelekea mvinyo na samaki wa chumvi, akakaa naye akitazama vumbi jeupe likiruka.

Asubuhi ya michezo kulikuwa na tatizo la nguo. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa kwenye safu zile bila joho jeupe la raia, na raia wa viriba, ingawa walikuwa raia kweli, walikuwa na joho moja kwa watu watatu. Mengine wakaazima kwa dobi, ambaye alizunguka mlango hadi mlango akiwaonya.

"Tone moja la mafuta, Sennio! Tone moja tu, nakushtaki!"

"Tutakaa kama mabibi harusi," Sennio akamwambia.

Toutilo, rafiki yake tangu utotoni, mtu wa mabega mapana na miguu ya tege, aliingia amejizungushia joho lake mpaka likamfunga mikono yote miwili.

"Ndugu yangu, mtu akitaka kujikuna humu anafanyaje?"

"Anavumilia. Ndiyo maana wakubwa wana nyuso zile."

Nerta akaipanga upya ile mikunjo begani kwa mumewe, akarudi nyuma, akamtazama. Macho yake yaling'aa, lakini mdomo wake ulikuwa Nerta yuleyule.

"Haya, nenda. Ukikaa usijambe, jiwe litapiga mwangwi."

Wakaingia kwa mlango wa wakubwa. Wapanga viti, wenye fimbo zao, waliwasogeza mpaka mahali pao, na watu ishirini wa viriba wakaketi juu ya jina lao. Jiwe lilikuwa la baridi. Turubai kubwa lilikuwa limeshatandazwa juu, jua likipita humo na kuwa jekundu, na vyombo vya maji yenye harufu nzuri vilikuwa vikinyunyiza watu. Maandamano yakaingia na pembe. Sennio hakuangalia maandamano. Aliangalia watu kule ng'ambo ya mchanga, maelfu, akajua kwamba na wao wanamwona.

"Naona mbuzi wameletwa mapema leo," Materno akasema kutoka kiti cha jirani, kwa sauti ya kusikika safu tatu. "Nilidhani wanyama wanaanzia kwenye vizimba vya chini."

Wenzake wakacheka. Sennio akawa anatafuta neno, lakini Toutilo alikuwa nalo tayari.

"Ni kweli, mzee Materno. Walipoleta wanyama waliwapanga kwa unene, ndiyo maana sisi tukawekwa mwisho, baada yako."

Safu ya nyuma, ya wauza mafuta, ikapasuka kwa kicheko. Hata mmoja wa wenye merikebu alijifunika mdomo. Materno akageukia mchangani, na asubuhi ikaenda vizuri. Dubu walipambana na mbwa, nguruwe mwitu wakakimbizwa na watu wa mikuki, na watu wa viriba walipiga makofi kwa adabu, viwiko vimebana, wakiogopa kuchafua nguo za dobi.

Adhuhuri ikafika. Huo ndio wakati uwanja hulala kidogo. Watumishi walikuwa wakigeuza mchanga, wachuuzi wakipita na dengu za kukaanga, wapiganaji wa upanga wakingoja chini mlangoni. Ndipo ule mlio ukasikika kutoka juu kabisa, kwa wanawake.

Haukuwa na maneno. Ulikuwa mlio mrefu unaopanda na kuvunjika, mikono imezunguka mdomo, kama wake wa kinamasi wanavyoita tangu zamani maji yanapokuja. Mjini hakuna aliyeujua. Baadhi walidhani mwanamke amezimia kwa jua. Watu ishirini waliovaa meupe waligeuza vichwa kwa pamoja.

Ilikuwa sauti ya Nerta. Alikuwa amesimama na mgongo wake kwenye uwanja, kwenye upinde wa nje, na kutoka pale mtu aliuona mto wote. Mlio wa pili ukafuata, na wa tatu, na wanawake wengine wa viriba wakaupokea. Maana ya mara tatu kila mmoja aliijua: maji ni ya kahawia, na yanapanda upesi.

Juu ya Arelate mbingu ilikuwa safi kama sahani. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali kaskazini, na mto ule haukuwa na desturi ya kutuma habari. Vyelezo vyote vya chama vilikuwa vimefungwa ukingoni, upande wa juu wa daraja la mashua, lile daraja lililounganisha mji na ng'ambo, mashua kwa mashua, ubao kwa ubao. Maji yakivikata, vyelezo vingeingia kwenye daraja kama magogo. Na daraja likikatika lingeshukia merikebu zote zilizotia nanga upande wake wa chini.

Toutilo akainama. "Tunafanyaje? Waende nusu?"

Chini ya mapaja yake Sennio alilisikia lile jiwe. Nusu hawakutosha viti, na nusu hawakutosha vyelezo. Alitazama upande wa kiti cha Kominio, mbali, chini. Alimtazama Materno, aliyekuwa akimtazama yeye, nyusi zimepanda. Miaka yote ile ya kusimama mlangoni ilikuwa imefika hapa, na ingeishia hapa, kabla hata ya upanga wa kwanza.

"Bata hao," Materno akasema polepole. "Wameshasikia maji."

Sennio akasimama, akaanza kujifungua joho.

"Merikebu zako ziko chini ya daraja, Materno," akasema. "Kaa tu. Sisi tunakwenda."

Hakuna mtu anayeweza kukimbia na joho, sembuse kuvuta chelezo. Akalivua, akabaki na kanzu fupi ya kazi. Na kwa sababu nguo ilikuwa ya dobi, hakuitupa. Aliilaza vizuri juu ya jiwe, akakunja pindo lisiguse sakafu. Wenzake nao wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, haraka lakini kwa uangalifu. Kisha wakashuka ngazi kwa mbio, mabega yakigonga mawe.

Mto ulikuwa umeshameza gati ya chini. Maji yalikuja na matawi, na nyasi, na mzinga mzima wa nyuki. Watu wa viriba hawakuhitaji kuambiana. Wengine waliingia mpaka kifuani kuvuta vyelezo hadi kwenye mteremko, wengine wakafunga kamba mpya kwenye miti. Vyelezo viwili vilikatika kabla hawajafika. Kimoja kilipita katikati ya mashua bila kugusa, kimoja kilitoboa ubavu wa mashua ya nne ya daraja, na daraja likaanza kulegea hapo.

"Viriba!" Sennio akapiga kelele. "Leteni viriba vitupu!"

Wakajitosa. Walivisukuma viriba vilivyokunjwa ndani ya mashua iliyotobolewa, wakaviingiza chini ya mbao za kukalia, na mle mle, maji yakiwafika kidevuni, wakavipuliza kwa midomo yao. Mtu wa viriba amepuliza tangu utotoni. Kifua chake ni mvukuto. Kiriba kimoja kikavimba, kingine kikavimba, mbao zikalia, na mashua ile ikaacha kuzama. Daraja likatulia. Toutilo alitoka na damu puani, akicheka.

"Kwa pumzi hii," akasema, "Materno ningempuliza aelee mpaka baharini."

Maji yalipoanza kuchoka, jua lilikuwa limeinama. Sennio aliwaacha wachache kwenye kamba, akapanda kilimani na waliobaki, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi. Kwenye mlango wa wakubwa mpanga viti aliwazuia kwa fimbo yake, bila ubaya.

"Bila joho huwezi, mzee. Unajua."

"Joho langu liko ndani."

"Najua liko ndani. Watu wote wanajua. Lakini wewe uko nje. Pandeni ngazi za juu."

Wakapanda mpaka juu kabisa, kwa watumwa na maskini. Ua wa mbao uliwatenga na wanawake, na Nerta alikuwa amesimama palepale penye ua, kitambaa chake cha kichwa mkononi, sauti imemkauka.

"U mzima?" akauliza.

"Nipo."

"Daraja?"

"Lipo."

"Najua lipo, nimeliona. Nilitaka kukusikia ukisema." Akamfuta tope jichoni kwa kidole, kupitia kwenye ua. "Unajua hapa juu hakuna aliyetazama mchezo? Wapiganaji wamekatana huko chini, watu wamewapa mgongo. Wote walikuwa kwenye matao wanawatazama nyinyi. Wewe ulipozama chini ya mashua ile, yule mama muuza vitunguu alinishika mkono mpaka akanichubua. Nasi tukawaambia wa chini, na wa chini wakawaambia wa chini yao."

"Na viti?"

Nerta akaelekeza kwa kidevu. "Tazama mwenyewe."

Akatazama. Kule chini, katikati ya watu wengi wenye nyuso na mikono, kulikuwa na safu moja nyeupe, tulivu, nguo ishirini zimelala kila moja ndani ya mistari yake. Hapakuwa na hata moja iliyosogezwa.

"Wenye merikebu walitaka kukaa," Nerta akasema. "Kijana mmoja wa Materno akainuka akavijia. Sasa akalie wapi? Akae juu ya joho la raia? Na kuliondoa je? Wauza mafuta wakamwambia, 'Liguse uone, mwenyewe yuko humo.' Akarudi kwao."

Tarumbeta lilikuwa bado. Lakini chini pale Materno alikuwa amesimama mbele ya kiti cha Kominio, na uwanja ukanyamaza kusikiliza, kwa sababu mawe yale yalichukua sauti vizuri.

"Mimi nimeambiwa walichofanya mtoni," Materno alikuwa akisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Merikebu zangu zipo, na nitawashukuru. Lakini sharti ni sharti. Tulisema watu. Zile ni nguo."

Kominio akainuka, akafanya kile ambacho msimamizi wa michezo hufanya mpiganaji anapoanguka na kuinua kidole chake: akageuka kuwatazama watu, akanyoosha mkono, akawauliza. Viti vina watu, au ni vitupu?

Wa kwanza walikuwa wanawake. Vitambaa vikaruka juu chini ya nguzo, kama wanavyopepea wakimwombea mtu uhai, vikashuka safu kwa safu, maskini, wafumaji wa matanga, wauza mafuta, mpaka bakuli zima la mawe likawa linatikisika kwa vitambaa. Jirani wa Sennio, mtumwa wa kuchochea moto kwenye hamamu, alikuwa akipepea tambara lake jeusi kwa nguvu zote. Akampiga Sennio kiwiko.

"Wewe wa matope, huna kitambaa?"

"Sina."

"Basi pepea hata mkono! Usiwe bahili, ni watu wazuri wale!"

Sennio akapepea mkono. Tope likamrukia mtumwa yule usoni, naye hakujali. Toutilo alikuwa amevua kanzu yake kabisa na kuizungusha juu ya kichwa, wanawake ng'ambo ya ua wakipiga mayowe na kujifunika macho kwa vidole vilivyoachana.

Mpiga mbiu akaita kwamba viti vina wenyewe. Materno aliinamisha kichwa kidogo, akarudi kwenye kiti chake, na alipopita mbele ya yale majoho ishirini aliinua pindo moja lililokuwa likining'inia, akalirudisha ndani ya mstari.

Baada ya siku hiyo Sennio aliishi miaka mingi, na kila msimu wa michezo alikaa mahali pake mpaka magoti yalipokataa ngazi. Lakini adhuhuri, mchanga ulipokuwa ukigeuzwa, kiti chake kilikuwa na joho peke yake. Mwenyewe alikuwa juu, kwenye ule ua wa mbao, anakula dengu kutoka kwenye mkono wa Nerta, wote wawili wameupa uwanja mgongo, wanautazama mto.